Immaculate Alivyogeuka Mbeyu

Immaculate Nandonde alizaliwa Munje, kijiji cha Kwale, katika nyumba ya udongo upande wa bara wa barabara, zama ambazo mashamba ya miwa yalikuwa bado yakitoa sukari. Mamake alimzaa salama, lakini yeye mwenyewe hakuinuka kitandani. Homa ya uzazi ilimchukua kabla mtoto hajatimiza arubaini. Babake, Kosmas, mchonga vinyago, akabaki na kitoto kinacholia njaa, asijue akipeleke wapi.

Jirani yake alikuwa Kibwana, mkwezi wa minazi, na Biasha mkewe, ambaye naye alikuwa na binti mchanga aitwaye Mbeyu. Biasha hakungoja kuombwa. Alivuka ua, akamtwaa yule yatima, akampakata pamoja na wake, mmoja titi hili na mmoja lile. Hivyo ndivyo walivyolelewa wasichana wale wawili, mpaka surua ilipopita kijijini. Mbeyu akafa akiwa ndio kwanza anaanza kusema. Immaculate akapona. Biasha aliendelea kumnyonyesha huku akimlilia mwanawe, na hakuna aliyemsikia akisema kwa nini huyu na si yule.

Kosmas alikuwa Mmakonde. Babake ndiye aliyetoka Msumbiji kuja kukata miwa, chale zikiwa usoni na tezo kwenye mfuko, lakini Kosmas mwenyewe alizaliwa papo hapo Kwale na hakujua kwingine. Kidigo alikisema kama Wadigo. Hata hivyo, kila alipokwenda kuomba kitambulisho aliambiwa alete cha babake, na babake hakuwahi kupewa. Alikwenda akiwa kijana, akarudi mikono mitupu. Alikwenda tena akiwa ameoa, ikawa yale yale. Baada ya hapo akaacha kwenda. Alipoona polisi mbele, aligeuka akapita vichakani, na Immaculate alikua akidhani kwamba watu wote hupita vichakani.

Alipomaliza kidato cha nne, wenzake darasani walikwenda kwa chifu pamoja kupigwa picha na kutiwa wino vidoleni. Walikwenda wakicheka, naye akacheka nao. Karani alimuuliza jina la baba, akaliandika, kisha akaifuta ile karatasi kwa mstari mmoja.

"Lete kitambulisho cha mzee kwanza, dada," akamwambia, wala hakusema kwa ukali.

Immaculate akarudi nyumbani, akachukua msasa, akaketi karibu na babake kusugua kinyago. Tangu siku ile kazi yake ikawa hiyo. Babake achonga, yeye asugua na kupaka nta, kisha avipeleke Diani, kwenye kibanda walichokodi nje ya ukuta wa hoteli, awauzie wageni. Alikuwa na maneno mazuri ya kuuzia. Mgeni akishika kinyago, alimwelezea habari za mti wake, ulivyokatwa huko Kikoneni, na jinsi babake alivyouzunguka kwa siku kadhaa kabla ya kuutia tezo. Wengi walinunua kwa sababu ya yale maelezo.

Kisha zikaja fujo za Likoni. Watu waliuawa, watu wa bara wakakimbia, na wageni wa ng'ambo wakaacha kuja. Hoteli zikafunga vyumba, na nyingine zikafunga milango kabisa. Mwaka ukaisha, na mwingine ukaja, na Immaculate akiwa kibandani akipangusa vumbi kwenye vinyago vile vile.

Mtu aliyemletea habari za kompyuta alikuwa Lennox. Alikuwa kijana wa Kakamega, zamani karani wa mapokezi hotelini, aliyepoteza kazi wageni walipokosekana. Alikuwa amefungua chumba Ukunda chenye kompyuta moja na simu moja, na watu walimlipa awaandikie imeili kwa jamaa na marafiki wao wa ng'ambo.

"Mgeni hawezi kuja, sawa," Lennox akamwambia. "Lakini si picha inaweza kwenda? Tunaweka vinyago kwenye intaneti. Mtu akiwa kwake Uholanzi anaona, anapenda, analipa na kadi. Kuna kampuni huko nje inashika hiyo pesa na kukutumia hundi. Hii mambo ni rahisi, dada."

Wakapiga picha. Lennox akamfungulia akaunti kwa jina lake kamili, Immaculate Nandonde, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuona jina lake limeandikwa mahali palipomaanisha kitu. Haukupita muda mrefu, oda ya kwanza ikaingia, mama mmoja wa Uholanzi akitaka nguzo ya watu waliobebana. Ikafuata ya pili, na ya tatu. Kosmas alichonga mpaka jua likamkuta bado hajala. Walivifunga vinyago kwa magunia na majani makavu ya mgomba, wakavipeleka posta. Immaculate hakumbuki wakati mwingine ambao babake alipiga mluzi akifanya kazi.

Hundi haikuja. Badala yake ukaja ujumbe, na Lennox akamsomea kwa Kiswahili. Kampuni ilimshukuru kwa kuuza nao. Ilisema kwamba, kwa usalama wa wanunuzi, fedha zake zimesimamishwa mpaka athibitishe yeye ni nani. Atume kwa faksi nakala ya kitambulisho cha serikali au pasipoti, chenye jina lile lile la akaunti, na bili ya maji au ya umeme inayoonyesha anapoishi.

"Si ni kitambulisho tu," Lennox akasema. "Lete kesho, nitume."

"Sina."

"Umepoteza?"

"Sijawahi kuwa nacho."

Lennox akamtazama, kisha akatazama kompyuta. Alikuwa mtu mwema. Alisema angetumia jina lake mwenyewe, ila alikwisha kuwafanyia hivyo wauzaji wengine, na kampuni ikagundua, ikamfungia. Akamsaidia kuandika majibu. Walieleza kwamba nyumbani kwao hapana umeme wala mfereji, na kwamba kwa habari ya kitambulisho, anayo barua ya padre na cheti cha ubatizo. Jibu lilirudi upesi, maneno yale yale ya kwanza, kana kwamba barua yao haikusomwa na mtu. Wakaandika tena. Jibu likawa lile lile.

Jioni moja Immaculate aliyasimulia hayo nyumbani, Kibwana na Biasha wakiwapo. Kibwana akafikiri, kisha akasema, "Basi niandikeni mimi. Kitambulisho changu kipo, hakina kazi."

Kosmas alikuwa akinoa patasi. Akaiweka chini.

"Ahsante, ndugu yangu," akasema. "Lakini leo ni kompyuta. Kesho atataka kazi hotelini. Keshokutwa ataolewa, atazaa, atapeleka mtoto shule, na kila mlango watamuuliza swali hili hili. Utamkopesha kadi yako mara ngapi?" Akamsogelea. "Nataka kukuomba kitu kingine. Kama ni kibaya, niambie ni kibaya, tusahau."

Walijua kabla hajakisema. Cheti cha kuzaliwa cha marehemu Mbeyu kilikuwapo. Kifo chake hakikupelekwa kuandikwa popote, maana kijijini siku zile nani alikwenda kuandikisha kifo cha mtoto? Kwa serikali, Mbeyu binti Kibwana alikuwa hai, amekwisha kuwa msichana mzima, na hakuwa amekwenda kuchukua kitambulisho chake.

Kibwana akageuka. Alimtazama mkewe.

Biasha aliinuka akaingia ndani. Alikaa huko kitambo, na Immaculate alidhani amekasirika, akataka kumfuata kumwomba radhi. Lakini Biasha akatoka, macho yakiwa mekundu, akaketi pale pale alipokuwa.

"Nimemnyonyesha," akasema. "Wakiniuliza kama ni mwanangu nitasema ni mwanangu, wala sitakuwa nimesema uongo. Lakini, Kosmas, wewe je? Wewe utasema nini?"

"Mimi sitasema kitu," Kosmas akajibu. "Mimi ni jirani."

Toka hapo Kosmas akaanza kumwita binti yake Mbeyu. Alisema ni lazima masikio yake yazoee, asije akaitwa mbele za watu akachelewa kugeuka. Mwanzo walicheka, maana alikuwa akilisahau jina katikati ya sentensi. Kisha akawa hasahau. Akamtuma ahamie kwa Biasha, alale huko, ale huko. Biasha alimfundisha majina ya mababu wa Kibwana mpaka kizazi cha tano, akamfunga mtandio, akamfundisha Alhamdu, na Immaculate aliyezoea kusali na rozari akaishika sura yote kwa siku chache. Jioni alikuwa akimwona babake ng'ambo ya ua akipika ugali wake peke yake, naye hakuruhusiwa kwenda kumsongea.

Siku ya kuhojiwa, wazee wa kijiji wanaothibitisha waombaji wa vitambulisho walikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya chifu, na msemaji wao alikuwa Mzee Dzombo. Alikuwa mtu wa haki, mwenye subira, na hilo ndilo lililomtia Immaculate hofu kuliko kama angekuwa mkali. Akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Akaulizwa kwa Kidigo, akajibu kwa Kidigo. Akaulizwa mababu, akawataja. Kibwana akatoa kitambulisho chake, na cheti kikapita mkono kwa mkono.

Mzee mmoja akamnong'oneza Dzombo kitu. Dzombo akaitikia kwa kichwa.

"Kuna maneno," akasema, "kwamba binti huyu hushinda kwa yule Mmakonde mchonga vinyago. Ni vizuri naye tumsikie. Aitwe."

Kosmas hakuwa mbali. Alikuwa amekuja kwa siri, amesimama nyuma ya duka, kwa kuwa hakuweza kukaa nyumbani. Akaja na shati lake la kanisani, akavua kofia. Immaculate aliangalia chini. Alijua kwamba paji lake la uso ni la babake, na kidevu chake ni cha babake, na kwamba mwenye macho ataona.

"Kosmas," Dzombo akasema, "binti huyu wamjua?"

"Namjua, mzee. Ni mtoto wa Kibwana. Huja kwangu kunisugulia vinyago, nami humlipa."

"Watu wasema ni mwanao."

"Mimi nilijaliwa mtoto mmoja," Kosmas akasema. "Alikufa mdogo, kwa surua."

Biasha alijifunika uso kwa leso. Watu walidhani anamlilia mtoto wa jirani.

Dzombo akamgeukia Immaculate. "Nawe, mwanangu, wamjua mtu huyu?"

"Namjua."

"Ni nani kwako?"

Alikuwa amejifunza jibu hili kwa Biasha, akalisema jikoni na kisimani mpaka likawa halina ladha. Lakini alipoinua macho alimwona babake akimtazama kwa uso wa mtu anayemfundisha mtoto kutembea, aliyechuchumaa mbele na mikono ameikunjua, anangoja tu apige hatua. Akaipiga.

"Ni fundi," akasema. "Nafanya kazi kwake."

"Si babako?"

"La. Baba yangu ni huyu." Akaugusa mkono wa Kibwana.

Dzombo alimtazama yeye, akamtazama Kosmas, kisha akatazama kile cheti kwa muda mrefu kuliko kinavyohitaji kusomwa. Akasema, "Basi. Mwandikeni." Kosmas akavaa kofia yake, akawaaga wazee kwa heshima, akaondoka, na hakupita vichakani. Alishika barabara kuu wazi wazi mpaka alipopotea machoni.

Kitambulisho kilitoka baada ya miezi kadhaa. Immaculate alikipeleka Ukunda siku ile ile. Lennox akakisoma, akakigeuza, akamtazama.

"Huyu Mbeyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Lakini akaunti ni Immaculate Nandonde," akasema taratibu. "Wanataka jina liwe moja, dada. Mbona hukuniambia mapema?"

Hakuwa amelifikiria. Wala Kosmas hakulifikiria, wala Kibwana. Katika shughuli yote ile, ya mababu na ya cheti na ya Alhamdu, hakuna aliyekumbuka kwamba jina lililouzia vinyago kule ng'ambo lilikuwa lile la kwanza. Lennox akajaribu. Akaandika kwamba muuzaji amebadili jina. Kampuni ikataka hati ya mahakama ya kubadili jina. Akafungua akaunti mpya kwa jina la Mbeyu, na wale watu wakaona kwamba anwani ni ile ile na picha ni zile zile, wakaifunga siku hiyo hiyo. Ujumbe wa mwisho ulisema kwamba wameshindwa kuthibitisha muuzaji ni nani, kwamba wanunuzi wamerudishiwa fedha zao, na kwamba uamuzi huu haujadiliwi. Vinyago vilikuwa vimekwisha fika kwa wenyewe zamani.

Alimpelekea babake habari hiyo mchana, alipojua hakuna mtu njiani. Kosmas alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hicho kitambulisho wamekunyang'anya?" akauliza.

"Hawajaninyang'anya."

"Basi hatujapoteza kitu."

"Baba, nataka kurudi nyumbani."

"Dzombo ana macho, Mbeyu. Kaa huko."

"Niite jina langu. Hapa tuko wawili tu."

Kosmas akaokota patasi, akakitazama kinyago kilichokuwa mbele yake. "Nikilizoea tena," akasema, "litanitoka mbele za watu. Niache."

Kitambulisho kilimpatia kazi Diani, katika chumba cha kufulia cha hoteli mojawapo iliyoanza kufunguka tena. Kila alipopata mshahara alimpelekea babake unga, sukari na dawa ya kifua, kwa maana vumbi la mpingo lilikuwa limeanza kumkaba. Alipeleka kwa mkono wa Kibwana. Siku chache alizopata nafasi ya kuketi naye, Kosmas alipenda kuuliza habari za hoteli, mashine za kufulia ni kubwa kiasi gani, chakula ni kipi, wenzake wanamwitaje.

"Wananiita Mbeyu."

"Nawe unaitika upesi?"

"Naitika."

"Vyema," akasema, na akakohoa, na Immaculate hakuweza kujua kama machozi yale yalikuwa ya kikohozi.

Mwisho wa mwaka kifua kikamzidi Kosmas. Kibwana ndiye aliyemfikisha hospitali, na ndiye aliyekuja hotelini kumwita Immaculate, akamwambia getini, mlinzi akisikia, "Mwanangu, yule fundi jirani yetu amefariki." Akampa habari hiyo kwa sauti ya kawaida kabisa, huku amemshika mkono kwa nguvu hata ukamuuma.

Walimzika penye makaburi ya Wamakonde. Katekista alisoma, wachonga vinyago waliimba, na wakubwa wa kijiji walifika kwa heshima ya ujirani, chifu mdogo na Mzee Dzombo wakiwa miongoni mwao. Immaculate alisimama na Biasha katika wanawake wa mtaani, mtandio umefika kwenye nyusi.

"Jamaa wa marehemu watangulie kutia udongo," katekista akasema.

Hakuna aliyetoka. Katekista alijua, maana yeye ndiye aliyemwandika Immaculate kwenye kipaimara, naye akayainamisha macho yake kitabuni akangoja. Biasha akamgusa mgongoni, mguso mdogo wa kumsukuma. Immaculate aliona viatu vya chifu mdogo, na ncha ya bakora ya Dzombo. Alifikiri habari ya Kibwana, aliyesema uongo mbele ya serikali na anayeweza kufungwa kwa ajili yake. Alifikiri habari ya babake barabarani, amevaa kofia. Miguu haikuinuka. Mwishowe mzee mmoja wa Kimakonde, ambaye hakuwa na udugu wowote na Kosmas, akajikongoja mbele akatupa konzi ya udongo ili jambo lisikwame.

Majirani walipoitwa, alikwenda na majirani. Alikuwa wa tatu au wa nne. Alitupa udongo wake, akaondoka kumpisha aliye nyuma.

Watu walipoanza kutawanyika, Dzombo alimjia. Akasimama mbele yake, mikono yote miwili juu ya bakora, na kwa jinsi alivyomtazama Immaculate akaelewa kwamba alijua, na kwamba alijua tangu siku ile ya benchi.

"Pole sana, mwanangu," akasema, "kwa msiba wa jirani yako."

"Nishapoa, mzee."

Dzombo akainua bakora yake. Kisha akaenda zake kuwafuata wanaume.

Biasha alimrudisha Munje kwa miguu. Walipofika uani alifunga mlango wa makuti, akaufunga kwa kamba, akachungulia pande zote.

"Sasa mlilie babako," akamwambia. "Hapana mtu."

Immaculate akaketi mchangani. Akafungua kinywa, na sauti haikutoka. Akajaribu tena, haikutoka. Basi Biasha akaketi kando yake, akamlaza kichwa mapajani, akaanza kulia yeye kwanza, kwa sauti ya chini, akimtaja Kosmas kwa jina lake na la babake, mpaka mwenziwe naye akapata pa kuanzia.